"Men" ni lakini, "utan" ni bali, Kiingereza tukiweke pembeni

Kuna jambo linaniuma siku nyingi. Huku Sweden mgeni akifika, awe katoka Tanga, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ushauri anaopewa na wenzetu waliotangulia ni huo huo, eti shika kwanza Kiingereza kidogo ndo Kiswidi kitaingia. Mi nakataa. Nakataa kabisa, na ushahidi wangu ni vile vineno vya kupinga, hivi vya kina lakini na bali na ingawa, ambavyo ukivikosea kila mtu anajua lugha bado haijakaa.

Chukua "but" ya Kiingereza, ni moja inabeba mizigo yote. Waswidi wanazo mbili, "men" na "utan". Ukikanusha kitu halafu ukataja kilicho sahihi badala yake, hapo ni "utan" tu: Han är inte lärare utan läkare. Aliyepitia Kiingereza anahangaika na hii kanuni wiki nzima mana kichwani kwake kuna mlango mmoja na anatakiwa apite kwenye miwili. Sasa we unayeongea Kiswahili hiyo sentensi unaisemaje? Si mwalimu bali ni daktari. Basi! Bali hiyo hapo, tunayo tangu utotoni, tumeisikia msikitini, kanisani, kwenye hotuba, kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Na ile "inte bara... utan också" inayosumbua watu kwenye mitihani ni "si... tu bali pia", inakaa kipande kwa kipande.

Jirani yangu ni mama wa Kikongo, anaongea Kibembe na Kiswahili, Kiingereza hajawahi kukisoma hata siku moja. Yuko SFI, yani yale masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji yanayotolewa na manispaa, kozi A mpaka D. Siku moja nimemkuta jikoni na karatasi ya kujaza mapengo, kajaza "men" kumi na mbili, kila pengo "men", na mwalimu kazungushia wino mwekundu nusu yake. Akaniuliza, mwanangu, hii "utan" ni kitu gani, juzi walisema ni bila, kahawa bila maziwa, leo imekuwa ingine. Nikamwambia mama, ile ya maziwa iache kwanza. Yesu pale Gethsemane aliombaje? Akaikata bila kufikiri: walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke. Nikamwambia hapo penye bali ndo penye "utan". Akanyamaza, akachukua kalamu, akarudi juu ya karatasi akaanza kusoma kila sentensi kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, akifika kwenye pengo anasikiliza mdomo wake unataka kusema lakini au bali, halafu ndo anaandika. Alikosea moja tu. Mama huyu alikuwa ameshaambiwa na watu wetu wenyewe kwamba bila Kiingereza atabaki nyuma, na alikuwa ameamini. Hicho ndo kinachonikera, kumfanya mtu mzima aone lugha yake ni mzigo kumbe ndo ufunguo alioshika mkononi.

Na sio hiyo tu. "Även om" ni hata kama, yani kabisa, "även" ni hata, "om" ni kama, na kama vile sisi mtaani tunavyosema hata kama kwa jambo ambalo limeshatokea na ambalo bado halijatokea, wao pia wanaitumia pote pote, wakati Kiingereza kinakulazimisha uchague kati ya "even though" na "even if". "Fast" ya mazungumzo ni ile ila yetu ya kwenye meseji: Jag kommer, fast lite sent, nakuja ila nitachelewa kidogo. "Trots" ni licha ya, "tvärtom" ni kinyume chake. Na kale ka "ju" ambako watu wanasema hakatafsiriki, kanatafsirika vizuri sana, ni si. Jag sa ju det. Si nilisema! Mtu akishaipata hiyo anaanza kuisikia kwenye basi, dukani, kila mahali.

Sitasema Kiswahili kinakubeba njia nzima. Kwenye "jo" mi mwenyewe kilinipoteza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mzee mmoja aliniuliza, har du inte ätit, hujala? Nilikuwa sijala toka asubuhi. Nikajibu "ja" kwa akili ya kwetu, ndiyo, sijala. Yeye akaelewa nimekula, akafunika sahani ya mkate wa mdalasini akairudisha kabatini. Kwao ukikubali kwamba hujala unasema "nej", yani hapana, na ukitaka kumpinga, kwamba umekula, unasema "jo". Kiingereza nacho hakina hiyo "jo", kwahiyo hata hapo kisingeniokoa. Waliosoma Kifaransa Bukavu au Goma wanaijua, ni ile "si" yao. Sisi wengine tuishike kama nimekula mbona, ile mbona ya mwisho inayomrudishia mtu maneno yake, mi ndo ilivyoniingia.

Mpangilio wa maneno hapo ni kukariri tu, hamna ujanja. Baada ya "men" sentensi haibadiliki, ila ukianza na "däremot" (kwa upande mwingine) au "ändå" (hata hivyo) kitenzi kinaruka mbele ya mtenda, däremot dricker jag te, "dricker" ya kunywa inatangulia "jag" ya mimi, na ndani ya "fast" na "trots att" (ingawa) ile "inte" ya kukanusha inatangulia kitenzi. Wanaotoka kwenye "however" wanaweka mkato halafu wanaendelea kama kawaida, na wanakosea.

Nimeanza daftari. Safu ya kwanza Kiswahili, ya pili Kiswidi, ya tatu mfano kutoka kwenye maisha yetu, kazini, hospitali, kwa mwenye nyumba. Safu ya Kiingereza haipo na sitaiweka. Jumamosi jioni tunakaa watu wanne watano kwa yule mama, anapika chai ya tangawizi, tunajaza. Tumekwama kidogo kwenye "dock" na "emellertid", ambazo wanaziandika zaidi kuliko kuzisema, zote mbili nilikuwa nimeziandikia hata hivyo kwa penseli. Mama akaziangalia, akasema "dock" mpe walakini, si ndo ile ya Gethsemane. Nikafuta, nikaandika walakini kwa wino.