Geji ya oili ya MX-5: bora itulie au iseme ukweli?

Ukinunua Mazda MX-5 ya kwanza kabisa, kigari cha michezo cha viti viwili, ile iliyotoka 1989 yenye taa za kuinuka, hukosi mtu wa kukwambia sensa ya presha ya oili ni pasua kichwa, itoe weka swichi. Mazda wenyewe walifanya hivyo, modeli za 1995 kuendelea geji ipo palepale kwenye dashibodi na mshale upo ila nyuma yake ni swichi tu, presha ikivuka kiwango kidogo mshale unapanda katikati unakaa, iwe umekanyaga mafuta au umesimama kwenye foleni.

Wanaotetea swichi wana hoja. Ni ya bei ndogo, haina mengi ya kuharibika. Sensa ya kweli ndani ina kiwambo kinachosukumwa na oili na kijiti kinachosugua rezista (kipande kinachozuia umeme kwa kiasi), kijiti kikilika mshale unarukaruka au unalala sifuri na injini nzima kabisa, unasimama pembeni ya barabara roho mkononi bure.

Sawa, ila swichi haisemi uongo kwa sababu haisemi chochote! Piga hesabu kidogo. Injini ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Uko kwenye kona ndefu ya uwanja wa mbio, oili imekimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa, presha imeshuka nusu kwa sekunde mbili tu, hapo krenki, ule mhimili mkuu wa injini, imeshazunguka mara 200 na beringi zinazoushika hazina oili ya kutosha na mshale wako uko katikati umetulia. Sensa ya kweli ingekuonyesha kona ya kwanza, ukapunguza. Na hata kwa mtu asiyekimbia, beringi zikianza kulika presha ya injini ikiwa moto inashuka polepole mwezi hadi mwezi, kwa swichi hutaiona hali hiyo mpaka taabu ishaingia.

Halafu sensa tunaionea. Ni kopo zito limening'inizwa kwenye bloku (mwili wa injini) kwa kijiskurubu chembamba, linatikiswa na kuchomwa na joto siku nzima, lisife kwa nini? Lihamishe. Funga kwenye bodi ya gari, vuta oili kwa bomba la mpira lililosukwa waya wa chuma. Ila sensa ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia thredi zake, yaani meno ya skurubu, ukiihamisha ipe waya wake wa ethi, la sivyo utanunua nyingine bure. Na thredi za bloku ni BSPT ya 1/8, kipimo cha Kiingereza cha bomba, meno 28 kwa inchi, viungo vingi vya Kimarekani ni NPT, kipimo chao wenyewe, meno 27. Vinaingia mizunguko kadhaa vinakaza, unadhani imekaa, kumbe kesho inavuja.

Bomba hilo la mpira likipasuka je? Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaotetea swichi. Kwenye bloku weka kiungo chenye tundu dogo sana, sensa inahitaji presha tu si oili nyingi, mpira ukikatika oili itatoka kidogokidogo na mshale wa kweli utakuwa umeshalala, unazima. Kiungo hicho kimulike na tochi kuona kama kinavuja injini ikiwa baridi, rudi tena ikishapata moto.