Ilikuwa shati, si suruali

Kabla hujanitumia tena ile video, soma hapa kwanza. Jamaa yangu ameshaeneza habari kwamba injini ilinivua suruali. Mwongo. Ilikuwa shati, na nililivua mwenyewe, kwa hiari yangu, ingawa kwa haraka. Mengine aliyosema, kwa bahati mbaya, yana ukweli ndani yake.

Wale wa siku zote mnajua nilikuwa nimefikia wapi: Hiace, injini ya petroli nje, 3L ndani (hilo ni jina la injini ya Toyota, si lita tatu), dizeli ya lita 2.8 iliyotoka kwenye pikapu. Kwa wageni: kwenye Hiace hii injini inakaa chini ya viti vya mbele. Unainua kiti, unafungua kifuniko, mnatazamana. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Mliniambia haitakaa. Ikakaa! Mauntingi nilizitoboa upya, matundu nikayavuta mpaka yakawa na umbo la yai. Feni nikaipunguza ncha, panga moja moja. Ea kilina, chujio la hewa, ilikosa nafasi, nikaiweka pembeni, "kwa leo tu". Kesi kubwa ilikuwa sampo, bakuli la oili chini ya injini: tumbo lake lilikuwa linakalia krosimemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari. Nikalikata sentimita 4 kwa grainda, nikachomelea bati jipya chini, nikaijaza maji ikalala nayo usiku kucha. Haikuvuja hata tone. Na strena, ile inayofyonza oili ndani ya sampo, niliikumbuka! Niliifupisha vizuri kabisa, ikabaki nafasi ya kidole chembamba kati yake na bati. Naomba hili lisisahaulike, maana jamaa hakulitaja popote.

Kilichonipita ni kijiti cha kupimia oili. Ukishainua sakafu ya sampo, ncha ya kijiti inagota chini kabla hakijaingia chote. Chetu kilibaki kimechomoza vidole viwili. Nilikiona. Nikakiambia "utazoea". Nikamimina oili lita zilezile zilizoandikwa kitabuni, nikachomoa kijiti, oili ipo palepale penye alama. Kitabu na kijiti vimekubaliana, mimi nani nipinge? Kumbe mashahidi wote wawili waongo. Kitabu kinaongelea sampo ambayo sasa haipo, na kijiti kinapima kikiwa kimesimama kwa vidole vya miguu. Mle ndani krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa inaoga oili.

Haya. Nikapiga stata. Ikapokea mara ya pili. Jamani, ule mlio! Jamaa kashika simu anarekodi, mimi nimesimama mlangoni, mkono kwenye swichi, natabasamu kama bwana harusi. Mzee mmoja fundi wa jirani, aliyekuwa anapita wiki nzima akitikisa kichwa, leo akasimama kusikiliza. Nikasema moyoni, umeona mzee?

Ikapanda resi. Kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Nikaangalia pedeli ya mafuta, hakuna aliyeikanyaga. Ikapanda tena. Nikajua waya wa mafuta umekwama, nikazima swichi.

Haikuzimika.

Nikawasha swichi, nikazima tena, safari hii kwa kuikaripia. Nikachomoa ufunguo kabisa. Ufunguo uko kiganjani, injini inazidi kupanda. Hapo sijui akili ilinituma nini: nikauinua ule ufunguo nikauonyesha injini, kama mtu anayemwonyesha mlinzi kitambulisho getini. Si unaona? Nimeshakuzima.

(Mnaojiuliza inawezekanaje: dizeli haitegemei cheche. Inakandamiza hewa mpaka inachemka, na chochote kinachoungua kikiingia humo, kinaungua. Swichi inakata mafuta tu. Krenki ilikuwa inapiga oili mpaka inakuwa povu na mvuke, mvuke unapita kwenye mpira wa brida, tundu la injini la kupumulia, na ule mpira mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, niliuelekeza kwenye njia ya hewa. Injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe. Ufunguo wa nini?)

Moshi wa buluu ukajaa. Vioo vinaimba. Dizeli ya aina hii ikifika mizunguko 4,000 hivi kwa dakika inakuwa imemaliza kazi yake, hii ilikuwa inatafuta mengine. Ningeweza kutia gia na kuikaba kwa klachi na breki, ila propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, ilikuwa bado imelala chini ya meza. Nikaanza kupiga kelele. Nilichokuwa nasema hakisikiki kwenye video, nashukuru.

Mzee akaja mbio, kidole mbele: "Ziba mdomo! Mwanangu, ziba mdomo!"

Nikaziba mdomo.

Wangu.

Kiganja kizima, kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni. Kwenye video ni sekunde nne, nimezihesabu. Mkono wa kulia umeziba mdomo, wa kushoto umeinua ufunguo, macho yako kwa mzee yanauliza kama imetosha. Nimelelewa kuwatii wazee, mnanicheka nini?

"Wa injini, wewe!"

Mdomo wa hewa. Uleule niliouacha wazi kwa sababu ea kilina iko pembeni kwa leo tu. Ubao wa kuuzibia ulikuwepo, nilikuwa nimeukanyaga. Sikuuona. Nikavua shati kwa kulipitisha kichwani, sikugusa kifungo, nikalisukumiza pale. Likanyakuliwa! Mkono wa shati ukaenda, kifua chake kikafuata, ukosi ukakwama mdomoni ukawa kizibo. Injini ikakohoa mara tatu, ikakata roho.

Kimya. Moshi. Jamaa, aliyekuwa ameshafika mbali na anarekodi kwa kuvuta picha, ananiona kifua wazi, huku chini mlango umenikinga. Akauliza kwa sauti, "Imekula nini?" Suruali ilizaliwa hapo.

Yaliyobaki ni mafupi. Tumemwaga oili ya ziada, kijiti nimekikata ncha na kukipigia alama mpya kwa msumeno, brida sasa inamwagia kwenye chupa. Mzee amepima kompresheni, silinda zote nne ziko sawa, hata yeye haamini. Menifodi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, tulishinda nayo siku mbili tunachomoa nyuzi za shati kwa koleo. Ea kilina nimeitafutia nafasi. Mzee akipita siku hizi hatikisi kichwa tena, anaweka kiganja mdomoni, anaendelea na safari yake.

Na wewe jamaa, najua unasoma. Ushahidi huu hapa: kwenye menifodi tumetoa vifungo. Vidogo, vyeupe, vya shati. Zipu hatukukuta. Vilikuwa saba, mkononi ninavyo sita. Cha saba bado tunakitafuta, na kesho ndiyo nimepanga kupiga stata.