Upanga wa karne ya 13 au wa mhunzi aliye hai?

Mwaka 2020 mji wa Setouchi, mkoani Okayama nchini Japani, ulinunua upanga mmoja kwa yeni milioni 500. Unaitwa Sanchomo. Ulifuliwa karne ya 13, ukaja kumilikiwa na jemadari Uesugi Kenshin, na fedha za kuununua zilichangwa na wananchi. Jumba la makumbusho linaloutunza lina karakana uani, na humo wahunzi wa leo wanafua chuma kwa nyundo na mkaa, kwa njia ya mababu zao. Kazi zao hazijawahi kuchangiwa kiasi hicho.

Mkusanyaji wa panga (wingi wa upanga, si lile la kufyekea) hukutana na mtihani huohuo wa kuchagua kati ya wa kale na mpya, ila kwa fedha ndogo zaidi. Upanga mpya wa fundi mwenye jina huenda kwa mamilioni ya yeni. Kwa bei hiyo anaweza kupata wa kale ulio mzuri, wenye hati ya NBTHK, chama cha kuhifadhi panga kilichoanzishwa mwaka 1948. Akikwama kifedha, wa kale atauuza bila kuumia sana. Ule mpya mara nyingi utarudisha pungufu ya alichotoa. Anayenunua akifikiria urithi wa watoto ana haki ya kuchagua wa kale, na sioni sababu ya kumsuta.

Hoja ya pili ya wanaopendelea wa kale ndiyo inayonipa shida, kwamba chuma cha zamani hakifikiwi. Si maneno matupu. Mhunzi Suishinshi Masahide, aliyefariki mwaka 1825, tayari alikuwa akiwahimiza wenzake warudie mbinu za kale. Panga za Bizen, jimbo la kale lililo Okayama ya leo, za enzi ya Kamakura (karne ya 12 hadi ya 14) zina kivuli kama ukungu kinachotambaa juu ya makali, kiitwacho utsuri, na vizazi vya mafundi vimehangaika kukipata tena. Baadhi ya mafundi wa sasa wamekipata. Halafu hesabu yenyewe ina kasoro. Panga za kale tunazozisifu ni zile zilizonusurika. Mbovu zilivunjika, zikaliwa na kutu au zikayeyushwa, kisha masalia bora tunayalinganisha na kila kitu kinachotoka karakanani leo. Tena wa kale hupungua. Kila unapopelekwa kwa msuguaji huacha chuma kwenye mawe yake, na nyingi zilifupishwa hadi sahihi ya mhunzi, iliyochongwa kwenye shina lake, ikapotea. Zenye sahihi nazo huzua mashaka, maana kughushi jina la fundi mkubwa ni biashara ya zamani mno. Kwa upanga mpya, aliyechonga jina unaweza kumwendea ukamuuliza.

Kuna pia suala la sheria. Baada ya vita, mwaka 1945, ufuaji ulisimamishwa kwa miaka kadhaa. Leo anayetaka leseni hukaa kwa bwana wake miaka isiyopungua mitano, kwa kawaida bila mshahara, kisha hufaulu mafunzo ya Wakala wa Utamaduni. Akishaipata, haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi, au fupi tatu. Wapo wanaoona huko ni kumfunga fundi mikono. Mimi naona ukomo huo ndio uliozuia upanga kugeuka bidhaa ya kiwandani. Tofauti hiyo hutambuliwa hata nje ya Japani: Uingereza ilipopiga marufuku panga zilizopinda mwaka 2008, iliziacha nje zile zilizofuliwa kwa njia ya jadi. Kinachoumiza ni ile miaka mitano. Kijana asiye na mtu wa kumlisha hawezi kuimaliza, hata awe na mkono wa dhahabu.

Gharama nayo haiishii kwa mhunzi. Chuma cha tamahagane, ambacho ndicho hufuliwa panga hizi, hutoka Okuizumo, mkoani Shimane, kwenye tanuri la udongo lililofufuliwa mwaka 1977. Huwashwa majira ya baridi na kulishwa mchanga wa chuma na mkaa siku tatu mfululizo, usiku na mchana, na sehemu ndogo tu ya zao ndiyo daraja la kwanza. Baada ya kufuliwa, upanga hupita kwa msuguaji, kwa mtengeneza ala na kwa mfua kishikizo cha shaba kinachoubana kwenye ala. Wote wanakula hapo. Ndiyo maana wahunzi wengi wana kazi ya pembeni.

Mwenye uwezo wa kununua mmoja tu, akiwa hafikirii kuuza, ningemshauri aagize kisu kifupi, tanto, kwa fundi aliye hai badala ya upanga mrefu wa kale wa kiwango cha kati. Ajiandae kungoja. Mhunzi hupaka udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni, akauchoma upanga hadi uwe mwekundu, akautumbukiza majini. Hapo ndipo wimbi la makali, ule mstari unaoonekana kando ya ukingo wa upanga, huzaliwa, na hapohapo chuma kinaweza kupasuka, kazi ya wiki kadhaa ikaanza upya. Mnunuzi wa upanga wa kale hana wasiwasi huo.