Kashfa za watu maarufu: uzito wa saa za kabla ya habari kutoka

Desemba 2011, kipindi cha Newsnight cha BBC kiliizima habari ya uchunguzi kuhusu Jimmy Savile, mtangazaji maarufu aliyekuwa amefariki Oktoba mwaka huo. Waandishi walikuwa na mahojiano ya mwanamke aliyeeleza mbele ya kamera jinsi Savile alivyomdhalilisha akiwa msichana mdogo. Habari hiyo haikutoka mpaka kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza kilipoirusha Oktoba 2012.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Novemba, Newsnight hiyohiyo ikatangaza kwamba kigogo wa zamani wa chama cha Conservative cha Uingereza aliwadhalilisha watoto waliokuwa wakilelewa katika makao ya watoto huko Wales. Jina halikutajwa, ila mitandaoni lilikuwa limeshaenea: Lord McAlpine. Hakuhusika hata kidogo. Mwanamume aliyetoa madai alisema kuwa miaka ya mwanzo ya 1990 polisi walimwonyesha picha na kumwambia ni ya McAlpine. Alipokuja kuiona picha halisi ya McAlpine, alisema waziwazi kuwa siye, akamwomba radhi. BBC ililipa pauni 185,000, na mkurugenzi wake mkuu, George Entwistle, akajiuzulu tarehe 10 Novemba baada ya siku 54 kazini.

Kipindi kimoja, makosa mawili yanayopingana. Wanaolaumu vyombo vya habari kwa kuua majina ya watu hushika kosa la pili; wanaovitetea hushika la kwanza. Wote wana hoja, na ndiyo maana kuuliza kama kashfa ni nzuri au mbaya hakutufikishi popote. Kitu cha kukagua ni kazi iliyofanyika kabla ya kuchapisha.

Kashfa huanza na mtu mwenye taarifa na sababu ya kuitoa: mhasibu aliyeona malipo yasiyoeleweka, mfanyakazi aliyefukuzwa, mpinzani wa kisiasa, mwathirika aliyechoka kunyamaza. Nia ya mtoa taarifa haitoshi kuikataa. Mark Felt, aliyewasaidia kwa siri waandishi wa Washington Post katika sakata la Watergate, kashfa iliyoanza na uvamizi wa ofisi za chama cha Democratic cha Marekani mwaka 1972, alikuwa afisa wa pili kwa ukubwa katika FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, na alikuwa amerukwa katika uteuzi wa mkurugenzi mwaka huohuo wa 1972. Huenda alikuwa na kinyongo, lakini taarifa zake ziliwasaidia kufika kwenye ukweli. Nia inamwambia mhariri ahakiki wapi kwa nguvu zaidi, hasa mtoa taarifa ameacha nini.

Uhakiki unakwama zaidi kwenye chanzo cha pili. Watu wawili waliosikia jambo kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja, hata wakilisimulia kwa maneno tofauti. Hati nayo inataka maswali yake: nani aliiandika, lini, kurasa zote zipo, na nani mwingine aliipokea? Kama madai yanahusu utambulisho wa mtu, mlalamikaji aonyeshwe picha ya mtu huyo ikiwa pamoja na za wengine, bila kuambiwa jina. Katika habari ya McAlpine hatua hii ya dakika chache ilirukwa. Yeye mwenyewe hakuulizwa lolote kabla ya kipindi kwenda hewani.

Haki ya kujibu ndipo wanahabari wanapobishana kweli, na sipuuzi hofu yao. Ukimpelekea mtu mwenye nguvu orodha ya tuhuma mapema, anaweza kukimbilia mahakamani kutafuta zuio, kuchoma nyaraka, kuwatisha mashahidi, au kuipa gazeti rafiki toleo lake lililopambwa. Hayo hutokea. Dawa yake ni mpangilio: maelezo ya mashahidi yaliyotiwa saini na nakala za nyaraka vihifadhiwe mahali salama kwanza, ndipo maswali yatumwe. Yatumwe kwa maandishi, kila tuhuma peke yake, na tarehe na kiasi kinachodaiwa, pamoja na muda unaolingana na uzito wa jambo. Kumpigia mtu simu saa mbili usiku kwa habari inayotoka saa tatu si kumpa nafasi. Na jibu lake likae karibu na tuhuma inayohusika, lisitupwe aya ya mwisho ambako wasomaji wengi hawafiki.

Habari ikishatoka, mara nyingi kashfa hukuzwa na kauli ya kwanza ya mhusika. John Profumo, waziri wa vita wa Uingereza, aliliambia Bunge Machi 1963 kwamba uhusiano wake na Christine Keeler, mwanamitindo kijana, haukuwa na jambo lisilofaa. Juni akajiuzulu baada ya kukiri kuwa alilidanganya Bunge. Rais Richard Nixon wa Marekani alihimili miaka miwili ya Watergate, lakini kanda ya mazungumzo yake ya tarehe 23 Juni 1972, akikubali mpango wa kuzuia uchunguzi wa FBI, ilipotolewa tarehe 5 Agosti 1974, aliondoka madarakani siku nne baadaye.

Hata hivyo, si kila anayedanganya huanguka. Rais Bill Clinton wa Marekani alikanusha Januari 1998 kuwa na uhusiano wa kimapenzi na Monica Lewinsky, aliyekuwa mwanagenzi Ikulu, akakiri Agosti, akashitakiwa na Baraza la Wawakilishi Desemba, na Februari 1999 Seneti ikamwacha. Zilihitajika kura 67 kumwondoa. Shitaka lililopata nyingi zaidi lilipata 50. Kwa hiyo swali la lazima ni nani mwenye mamlaka ya kumwondoa mhusika. Mwanasiasa mwenye wingi wa kura bungeni anaweza kukaa. Mwanamichezo au msanii anayeishi kwa mikataba ya matangazo huweza kuachwa mapema, kwa kuwa mikataba hiyo mara nyingi ina kifungu cha maadili kinachomruhusu mdhamini kujitoa hata mahakama haijasema kitu.

Kutaja majina mapema kuna sura mbili, na hapa mizani ni ngumu. Agosti 2014 polisi walipopekua nyumba ya mwimbaji wa Uingereza Cliff Richard kwa tuhuma za udhalilishaji wa kingono, BBC ilirusha picha za helikopta. Hakuwahi kushitakiwa, na mwaka 2018 mahakama ilimpa fidia ya pauni 210,000 kwa kuingiliwa faragha. Upande wa pili, habari za Savile zilipotoka, watu wapatao 450 walijitokeza na malalamiko yao. Wengi waliamini ni wao peke yao. Bila jina kutajwa hadharani wasingejuana. Mimi naegemea kutaja pale ushahidi wa chombo chenyewe unaposimama, na kusubiri pale kilichopo ni kwamba polisi wanachunguza tu.

Msemo wa lisemwalo lipo umewaumiza wengi katika mambo haya. Wakati uvumi wa McAlpine ukienea, Sally Bercow, mke wa Spika wa Bunge la Uingereza wakati huo, aliandika Twitter akiuliza kwa nini jina hilo linavuma, na kuongeza maneno ya kuashiria sura isiyo na hatia. Mei 2013 Mahakama Kuu iliamua kuwa hata hilo lilikuwa la kukashifu: swali lilitosha kumwelekeza msomaji kwenye tuhuma.

Marekebisho nayo hufanywa vibaya. Habari ya uongo hukaa ukurasa wa kwanza, sahihisho likabanwa ndani kwa maandishi madogo siku kumi baadaye. Mtandaoni, kuifuta kimyakimya hakusaidii, kwa sababu picha za skrini zimeshasambaa na aliyeisoma hajui kwamba imeondolewa. Sahihisho liwekwe juu kabisa ya habari ileile, kwa anwani ileile, likitaja kosa lilikuwa nini, tarehe na saa liliporekebishwa, kisha lisambazwe katika kurasa zote ambako habari ya kwanza ilitangazwa.