Siku Profesa Alipogeuka Mtungi wa Gesi

Profesa wetu wa kemia anafundisha chuo kikuu tangu mimi sijazaliwa. Kasomea Ujerumani, katoa madaktari wa falsafa wasiohesabika, lakini pua yake ilishastaafu kitambo. Kunusa michanganyiko ya salfa miaka yote hiyo kumeimaliza. Ndiyo maana jioni ile tulitoka maabara anapiga stori kwa raha zake, hana habari kwamba mkono wa koti lake umedondokewa na ethanethioli, kemikali ya salfa inayonuka kupindukia. Mimi msaidizi wake nilishinda humo humo, pua imezoea. Tukapanda daladala ya Mbagala.

Hatujafika mbali, konda akapiga kelele: "Nani kapanda na mtungi? Gesi inavuja!"

Mama mmoja akamfunika mtoto khanga. Dereva (na huyu ndiye tuliyemkabidhi roho zetu!) akasimamisha gari katikati ya barabara na kuruka wa kwanza.

Profesa akasimama. Kuona watu wengi wamemgeukia, akadhani ni kipindi.

"Ndugu zangu, tulieni. Gesi ya kupikia, propani na butani, haina harufu kabisa. Mnachosikia ni ethanethioli, inatiwa makusudi ili mtungi ukivuja mjue. Kiasi kiduchu tu hewani, pua inaikamata. Sasa, mwaka 1889, mjini Freiburg, wanakemia walitengeneza ndugu yake, thioasetoni. Watu wakazimia, wakatapika, wakakimbia..."

Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Mzee anajua mengi mno huyu. Mkagueni!"

Konda akasogea, akanusa koti, akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee wangu, shikamoo. Shuka."

Nauli haikurudi. Bodaboda wa kwanza alitusogelea, akavuta pumzi, akakumbuka ana abiria anamsubiri mahali. Tukatembea, na Profesa njia nzima analalamika kwamba hawakumwacha amalizie ya Freiburg.

Kufika kwake, tukamsikia mkewe kabla hatujagonga: "We dada, zima jiko haraka!"

Profesa akaeleza kwamba dawa ni jiki, maana inaoksidisha ethanethioli, yaani inaigeuza kitu kingine, harufu inakufa. Lifutwe doa tu, taratibu, kwa kitambaa. Mama hakungoja nusu ya pili ya somo. Alilitosa koti zima kwenye beseni.

Harufu ilikwisha kweli. Na rangi ya bluu pia.

Analivaa mpaka leo. Mwanafunzi akiuliza uoksidishaji ni kitu gani, Profesa anageuka na kuonyesha mgongo.