Mwite Mirambo au Mwite Mbula?

Mtoto alikuwa na siku nne. Kadi ya kliniki ilikuwa mezani, nafasi ya jina ikiwa bado tupu, na shangazi wa baba yake alikuwa ameshatangaza mara mbili kwamba yeye mtoto wa jina hilo hambebi mgongoni. "Na huyu mwali wetu ataitwaje huko mtaani? Mama Maiti?" Baba mtoto, fundi pikipiki hapa Tabora mjini, alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. Jina alilolitaka ni Mirambo. Si la ubini. La kwanza kabisa.

Kwa ubini jina hili halimshangazi mtu mkoani kwetu. La kwanza ndiyo shida kulikuta. Mwalimu anaweza kuita mahudhurio miaka nenda rudi asilitamke. Sababu kubwa ni ile ya shangazi: kwa Kinyamwezi milambo ni maiti, tena kwa wingi. Na aliyelifanya jina likajulikana dunia nzima, mtemi na mpiganaji wa Kinyamwezi wa karne ya kumi na tisa, hakupewa na wazazi wake. Alizaliwa kwenye miaka ya 1840 huko Uyowa, mtoto wa mtemi Kasanda, na jina lake likiwa Mbula Mtelya. Mirambo ni jina la ukubwani, la vitani, la kumfanya adui ahesabu wafu wake kabla hajatoka nyumbani.

Wanaolikataa si wajinga, na hoja zao si za kupuuza. Kwao jina ni dua. Unapomwita mtoto mara hamsini kwa siku, unamuombea kitu mara hamsini. Waislamu wengi wa Tabora wanaijua habari ya Hazn, maana yake ugumu, ambaye Mtume alimwambia, wewe ni Sahl, yaani wepesi. Yule bwana akasema hawezi kubadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alikuja kusema kwamba ugumu ule haukuondoka katika ukoo wao. Masheikh huishia hapo, na ni mahali pazuri pa kuishia. Mimi huongeza tu kwamba Hazn hakulazimishwa.

Halafu kuna historia ya mji wenyewe. Ukiwa Urambo, Mirambo ni wa kwenu. Ukiwa Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, hasa kwenye familia za wafanyabiashara wa zamani, huyo ndiye ambaye Agosti 1871 watu wake waliingia Tabora, wakachoma sehemu ya mji na kumuua Khamis bin Abdullah, mfanyabiashara mkubwa wa Kiarabu. Stanley, mwandishi wa Kizungu aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa Kwihara, jirani na Tabora, wakati huo, njia ya Ujiji imefungwa, ikabidi azunguke kusini ndipo akafika ziwani Novemba. Rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, hawakuwa wanakwaya. Waliteka watu, na waliowateka ni pamoja na Wanyamwezi wenzao. Bibi ambaye ukoo wake ulikimbia vita hivyo ana haki ya kukunja uso.

Pamoja na hayo yote, naona yule fundi anasomwa vibaya, na anasomwa vibaya kwa sababu tunalipima jina la Kinyamwezi kwa mizani isiyo yake.

Majina yetu mengi si dua, ni kumbukumbu. Mabula ni wa mvua. Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ndiye anayewafuata. Kashindye alitanguliza miguu. Hakuna anayedhani wazazi wa Kashindye walimuomba Mungu mtoto aje kinyumenyume. Walisema tu kilichotokea, ili nyumba isisahau usiku ule. Na si Wanyamwezi peke yao. Kiswahili kimejaa kina Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko, wamekua, wameoa, wameolewa, wamestaafu, na hakuna aliyekataa kuwabeba. Shangazi mwenyewe jina lake ni moja kati ya hayo manne. Silitaji, maana anasoma.

Sasa kama Tabu ni kumbukumbu ya siku ngumu ya nyumba moja, Mirambo ni kumbukumbu ya siku ngumu za nchi nzima. Ndani yake kuna mtu aliyewaambia wenye misafara kwamba hawatapita bure kwenye ardhi ya wenyewe, akawasumbua kuanzia 1871 hadi amani ilipopatikana miaka michache baadaye. Kuna pia kitu ambacho jina linakificha. Stanley, aliyekuwa amepigana upande wa Waarabu, alikutana naye Aprili 1876 akitegemea kuona jambazi. Akakuta mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini na adabu zake, wakachanjiana damu. Jina la kutisha, mwenye jina hatishi, angalau akiwa amekaa. Nadhani fundi wetu anakipenda hicho kuliko vita.

Upande wa Wakristo kuna jambo ambalo watu hawajalisikia vizuri. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mbatizwa ana jina la Kikristo, na wazazi wakigoma, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Ndivyo Kambarage Nyerere, aliyesoma sekondari hapahapa Tabora, alivyobatizwa Julius Desemba 1943. Kambarage, kwa Wazanaki, ni mzimu wa mvua. Leo tunaita hivyo viwanja na shule bila kutikisika. Sheria ya 1983 imelegeza: inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Kwa hiyo anayesema "padri atakataa" anazungumzia padri wa babu yake. Ni kweli padri wa leo naye anaweza kuuliza milambo inaingiaje kwenye moyo huo, na ningependa kuwa karibu nisikie jibu.

Lakini mimi kinachonikosesha usingizi kuhusu mtoto huyu si maiti wala mizimu. Ni herufi moja.

Wazee wanasema Milambo, kwa l. Kiswahili cha misafara na kalamu za Wazungu zikaandika Mirambo, kwa r, na hapo ndipo tulipogawanyika. Tazama mji mmoja huu wa Tabora: kambi ya jeshi ni Mirambo, sekondari ni Milambo. Wilaya ni Urambo, kwa r. Mtaa wa Dar es Salaam yaliko makao makuu ya zamani ya Benki Kuu ni Mirambo. Barabara na kambi hazina shida, haziombi kazi. Mtoto ataomba. Muuguzi ataandika alivyosikia kwenye kadi; cheti cha kuzaliwa kitafuata kadi, au hakitafuata; mwalimu wa darasa la kwanza ataandika anavyotamka yeye; jina lililosajiliwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi litamng'ang'ania hadi kidato cha nne; kisha kitambulisho cha taifa kitaandikwa na kijana aliyechoka, saa tisa mchana, foleni ikiwa imefika nje.

Nasema kwa uchungu kwa sababu ubini wangu una herufi hiyohiyo. Cheti changu kina r, kitambulisho kina l. Ofisi moja ilinirudisha mara tatu. Mara ya tatu dada wa dirishani aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nina uhakika sisi si ndugu wawili. Nikaenda kwa wakili, nikalipa, nikaapa kwamba watu wale wawili wote ni mimi. Na hiyo ni kwenye ubini, ambao watu huupitia haraka. Kwenye jina la kwanza atakutana na dirisha hilo maisha yake yote. Wanaobishana kuhusu bahati mbaya ya jina wangeanzia hapa. Bahati mbaya hii ina risiti.

Ilipofika jioni aliongea babu wa mtoto, ambaye siku nzima alikuwa anasikiliza tu. Hakugusa dini wala vita. Alimwambia mwanawe, "Mirambo hakuitwa Mirambo na mtu. Alijiita. Wewe unampa mtoto jina ambalo mwenzake alilitafuta mwenyewe akiwa mtu mzima. Akikua akilitaka, atalichukua."

Hiyo ndiyo hoja pekee dhidi ya fundi iliyonigusa, kwa sababu inatoka ndani ya mila anayoitetea. Nimeizungusha kichwani siku kadhaa. Jibu ninalolipata ni kwamba majina ya watu wakubwa huwa hivyo: mmoja hulitafuta, wanaofuata hulirithi, na baada ya vizazi viwili watu hawaulizi tena. Urambo yenyewe ni nchi iliyopewa jina la mtu mmoja, na watoto wanazaliwa kule kila siku bila kujitwalia chochote. Kila kizazi kinakopa kwa Brian na Jayden bila mtu kuuliza walifanya nini kustahili. Mirambo alifariki Desemba 1884. Nadhani jina limeshapoa kiasi cha kuvishwa mtoto.

Fundi alichukua kalamu. Nilimuomba kitu kimoja tu, achague r au l, aandike kwa herufi kubwa, na apige picha kadi kabla haijatoka nyumbani. Aliandika kwa r. Baba yake akaichukua kadi, akaisogeza kwenye taa, akasoma kwa sauti: "Milambo." Shangazi, akiwa ameshamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, alikuwa anazunguka naye uani akimbembeleza kwa jina la Mbula.