Diski Ikigoma, Msiihukumu Kompyuta Haraka

Kompyuta ya zamani ikikataa kucheza DVD, hukumu hutolewa papo hapo: imechoka, itupwe. Nakataa hukumu hiyo, maana mara nyingi hata diski yenyewe haijachunguzwa.

Anza kwa kuijaribu diski hiyo kwenye mashine nyingine, kisha weka diski nyingine kwenye mashine hii. Majibu ya jaribio hilo yana thamani kuliko ujumbe wowote wa hitilafu kwenye skrini. Ukikuta CD zinasomeka na DVD zote zinagoma, usidhani ni mazingaombwe. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa ya nanomita 650, na moja inaweza kufifia nyingine ikiwa nzima. Kinachohitaji kubadilishwa hapo ni draivu tu, yaani kifaa kinachosoma diski.

Kwenye usafishaji ndipo watu wanapoumiza diski zao, nami jambo hili linanikera kweli. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono. Data imepangwa kwa kuzunguka, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hufunika kipande kirefu mfululizo, na draivu hushindwa kufidia kilichopotea. Mkwaruzo unaokatiza hugusa kidogo hapa, kidogo pale, na mara nyingi draivu huuvuka. Halafu wengi hulinda upande unaong'aa wa CD huku wakiandika juu kwa kalamu ya ncha kali, ilhali data iko chini kidogo tu ya upande huo wa juu! DVD ina nafuu: data yake imebanwa katikati ya matabaka mawili ya plastiki.

Pengine diski ni safi na draivu ni nzima. Ukiifungua diski ukaona orodha ya faili, lakini filamu haichezi, geukia programu. Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, iliondoa uwezo wa kucheza DVD uliokuwamo kwenye Windows 7, hivyo aliyeweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya zamani alipoteza huduma hiyo bila kuharibikiwa na chochote. VLC, programu ya kuchezea filamu, ni ya bure na huziba pengo hilo. Msimbo wa eneo, yaani namba inayoamua DVD za sehemu gani ya dunia zichezwe, nao uguse kwa tahadhari: draivu nyingi huruhusu kuubadilisha mara 5 tu, kisha hujifunga.

Ninaowahurumia zaidi ni wenye diski walizochoma, yaani walizorekodi, wenyewe, zenye picha na video za familia. Rangi inayobeba data kwenye diski hizo hufifia, hasa zikiachwa juani. Diski ya namna hiyo ikisomeka leo, hata kwa kusuasua, acha uchunguzi mwingine wote na unakili faili zake kwanza. Ikikwama, ijaribu kwenye draivu tofauti kabla ya kukata tamaa, kwa sababu draivu hazilingani katika kuzisoma diski dhaifu.